Kwa Nini Kompyuta Kuukuu Haiitambui Flashi?

Mara nyingi katika chumba cha kompyuta twasikia mtu akilalamika, "Flashi yangu imekufa!" Aghalabu haikufa. Imechomekwa tu katika mashine ya zamani, nayo mashine haimjui mgeni huyu. Jambo hili si dogo, maana ndani ya flashi hiyo huenda mna maksi za darasa zima, au kazi iliyomchukua mwanafunzi muhula mzima. Mwenye haraka hubonyeza asilolijua, na yote yakapotea. Basi yafaa tulieleze hatua kwa hatua.

Kwanza tujue hutokea nini. USB ni kanuni ya kuunganisha vyombo na kompyuta, iliyotolewa mwaka 1996 na makampuni saba, yakiwamo Intel, IBM na Microsoft. Katika waya wa USB wa namna ya zamani mna nyuzi nne: mbili za umeme wa volti 5, na mbili za kupitishia habari. Ukiitazama plagi yake utaona vipande vinne vya madini, na viwili vya pembeni ni virefu kidogo. Hivyo ndivyo vya umeme. Vimerefushwa ili umeme utangulie, habari zifuate.

Flashi ikichomekwa ni kama mgeni apigaye hodi. Kompyuta huuliza, "Nani wewe?" Flashi hujibu kwa namba: namba ya kiwanda, namba ya chombo, na namba ya aina yake. Ndipo kompyuta hutafuta programu iitwayo dereva, ijuayo kusema na chombo cha aina hiyo. Akipatikana, flashi hupewa herufi, kama E au F, kisha kompyuta hujaribu kusoma jinsi faili zilivyopangwa ndani. Kwa hiyo yatakiwa mambo manne: umeme, dereva, herufi na mpangilio. Likikosa moja, mgeni hubaki mlangoni.

Umeme. Kabla ya yote, ijaribu flashi katika kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko, ujue ni nzima. Rudi kwenye mashine kuukuu, uichomeke katika tundu la nyuma. Matundu ya mbele huunganishwa kwa waya ndani ya sanduku, na waya huo mara nyingine hulegea. Tundu la USB ya pili, iliyotoka mwaka 2000, hutoa umeme usiozidi miliampea 500. Flashi hutosheka, lakini diski ya nje yenye sahani izungukayo huenda ikahitaji zaidi inapoanza kuzunguka. Ukiisikia ikigonga-gonga pasipo kuanza, ichomoe. Tumia waya mfupi, au kigawanyo cha USB chenye umeme wake chenyewe.

Dereva. Windows 95 ilipotoka mara ya kwanza haikuijua USB. Windows 98 iliijua, lakini kila flashi ilihitaji dereva wake wa kuwekwa kwa mkono. Windows Me na Windows 2000, zote za mwaka 2000, na Windows XP ya mwaka 2001, zilikuja na dereva mmoja wa flashi zote za kawaida. Katika XP, ukifungua "Device Manager" ukaona alama ya manjano karibu na chombo chako, kibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Uninstall", ichomoe flashi, uiwashe upya kompyuta, kisha uichomeke tena. Dereva atawekwa upya.

Herufi. Pengine flashi imetambuliwa lakini haionekani. Katika XP huweza kupewa herufi ambayo tayari inatumiwa na folda ya mtandao wa shule. Mwombe mwalimu mwenye ruhusa afungue "Disk Management", aibonyeze flashi hiyo kwa kitufe cha kulia, aipe herufi nyingine isiyo na mwenyewe, mathalan R.

Mpangilio. Hapa ndipo penye hatari. Windows 98 husoma mpangilio wa FAT32, lakini haisomi NTFS. XP husoma yote mawili, lakini exFAT, uliotoka mwaka 2006, haiusomi mpaka iongezewe programu ambayo Microsoft ilitoa mwaka 2009. Kompyuta isiyoujua mpangilio haisemi, "Siujui." Husema kwamba diski haijaandaliwa, nayo huuliza kama iiandae sasa. Wanafunzi wenzangu, jibu ni moja tu: Hapana! Ukikubali, inaandika mpangilio mpya juu ya ule wa zamani, na faili zako hazitaonekana tena.

Badala yake, ipeleke flashi kwenye kompyuta mpya, nakili kila kitu kwenye diski yake, uhakikishe kwamba faili zafunguka. Ndipo uiandae flashi kwa FAT32, uzirudishe faili zako. Flashi isiyozidi gigabaiti 32 ndiyo rahisi kwa kazi hii. Kumbuka pia kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4.

Tena, usidhani mashine imekwama kwa kuwa ni polepole. USB ya kwanza hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, yaani megabaiti moja na nusu. Gigabaiti moja itachukua zaidi ya dakika 11, na kwa kweli huzidi hapo. Anayechomoa katikati ya kazi huziharibu faili zake mwenyewe. Subiri, kisha iage kompyuta kwa "Safely Remove Hardware" ndipo uchomoe.

Mwisho, Microsoft iliacha kuitunza XP mwezi wa Aprili, 1014 + 1000, yaani mwaka 2014. Kwa hiyo mashine hizo zisiunganishwe na intaneti, na flashi itokayo humo ipimwe virusi kabla ya kuingia kwingine. Na kila kazi yenye thamani iwe na nakala mbili, mahali pawili. Wazee walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.