Jina la Mchoraji Liko Wapi?

Vijana wanne niliowahi kuwafunza Kiswahili walinijia nyumbani Jumamosi moja, kila mmoja amevaa miwani myeusi ilhali mvua ilikuwa ikinyesha. Wameunda bendi, wamerekodi nyimbo nane kwa fedha zao wenyewe pasipo kampuni wala mfadhili, na walitaka niyasahihishe maneno ya jalada kabla ya kwenda kwa mpigachapa. Nyimbo zao, sina budi kukiri, ni nzuri. Jalada ndilo lililonitoa jasho.

Walikuwa wamepigwa picha wakiegemea gari la kifahari. Nyuma yao pana magorofa, juu yao eropleni, na jina la bendi limeandikwa kwa rangi ya dhahabu katika aina tano za herufi.

"Gari ni la nani?" niliuliza.

Wakatazamana. "La jirani, Mwalimu."

Msomaji ataniuliza mwalimu wa lugha ana hoja gani na picha. Waama, jalada husomwa kabla ya wimbo kusikika, na siku hizi aghalabu husomwa kwenye simu, likiwa na upana wa vidole viwili. Magorofa, gari na eropleni vikibanwa humo, hubaki doa tu.

Niliwasimulia kisa cha Joy Division, bendi ya vijana wanne kutoka eneo la Manchester, Uingereza. Mwaka 1979 walitoa santuri yao ya kwanza, Unknown Pleasures, kupitia Factory, kampuni ndogo ya papo hapo mjini. Walikuwa wameona mchoro katika kamusi elezo ya falaki: mistari 80 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama safu za milima, ikionyesha mipigo ya redio itokayo kwenye nyota ya mbali. Msanii wao, Peter Saville, kijana wa miaka 23, aliichukua mistari hiyo iliyokuwa myeusi juu ya karatasi nyeupe, akaifanya myeupe juu ya weusi, akaiacha peke yake katikati ya giza. Upande wa mbele hakuandika hata jina la bendi. Hadi leo mchoro huo huvaliwa kwenye fulana na watu ambao hawajawahi kusikia wimbo mmoja wa vijana wale. Na ulitoka kitabuni! Wasimamizi wa maktaba za shule na walisikie hilo.

Lakini kisa hicho kina upande mwingine, na ndio unaoniuma. Mchoro wenyewe ulikuwa kazi ya Harold Craft, uliomo katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kutokana na vipimo vya darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Hakuna aliyemwuliza. Alikuja kudokezewa na mwenzake, akaenda dukani, akainunua santuri ile kama mteja mwingine yeyote.

Ndipo nikawauliza vijana wangu swali la pili. Ile nembo ndogo pembeni, ngoma yenye jicho, imechorwa na nani? Wakainamisha vichwa. Ilichorwa na msichana wa kidato cha tatu, dada wa mpiga gitaa. Hakulipwa, wala jina lake halikuwapo popote, ilhali mwenye gari alishukuriwa kwa herufi kubwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mchoraji haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake. Nathubutu kusema kwamba vijana hawa walijifunza mazoea yao kwetu. Tunamwadhibu mwanafunzi anayenakili insha ya mwenzake, kisha tunapamba jarida la shule kwa michoro ya wanafunzi pasipo jina hata moja.

Walirudi baada ya majuma mawili. Gari limeondoka, eropleni imetoweka. Imebaki ngoma yenye jicho, nyeusi juu ya manjano, na jina la bendi kwa herufi za aina moja. Nyuma, chini ya majina ya wapigaji, limo la mchoraji. Nilisahihisha kosa moja la tahajia, nikawarudishia. Kuhusu malipo ya msichana yule, waliniambia kuwa mazungumzo yangali yanaendelea.