Kabla Bomba Halijafukiwa: Mradi wa Mafuta na Vijiji Unamopita

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP kwa kifupi, linatoka Kabaale wilayani Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa. Zilizobaki ni za UNOC ya Uganda, TPDC ya Tanzania na CNOOC ya China. Kwa mkulima wa Muleba au Nzega hesabu hizo ziko mbali. Anachokiona yeye ni mkuza wa mita 30 uliokata shamba lake.

Mkuza huo haununuliwi kienyeji. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo serikali hutwaa eneo na mradi hulipa fidia. Maofisa wa mradi hupitia mkoani na wilayani kabla ya kufika kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ndipo mkutano wa hadhara unapoitishwa. Huko huelezwa njia ya bomba, nani ataguswa na haki zake ni zipi. Mikutano ya namna hii ina kasoro yake: wasemaji ni wale wale, wazee na wanaume waliokaa mbele. Maswali ya wanawake, kwa mfano watapita wapi kwenda kisimani mtaro ukiwa wazi, hujitokeza zaidi wakikutanishwa peke yao. Vijana na wafugaji nao ni hivyo hivyo.

Hasara ya kuchelewa kuzungumza na watu ilishuhudiwa Mtwara. Mwishoni mwa 2012 wakazi waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na Mei 2013 zikazuka ghasia zilizogharimu maisha na mali. Swali lao lilikuwa moja: Mtwara itabakiwa na nini? Bomba lilijengwa hata hivyo, likakamilika 2015. Jibu lilipaswa kutangulia.

Baada ya mikutano huja uthamini, na hapo ndipo mradi unapokutana na kaya moja moja. Mthamini hupita shambani pamoja na mwenye mali, majirani wanaopakana naye na kiongozi wa kijiji. Huhesabu migomba, mibuni na miembe, michanga mbali na inayozaa mbali. Hupima nyumba, jiko la nje na choo. Huuliza kama kuna makaburi. Mwenye mali hupigwa picha mbele ya mali yake na kutia saini au dole gumba. Uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fidia hujumuisha thamani ya ardhi, majengo na mazao, na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Katika mradi huu, anayepoteza nyumba anayoishi huchagua kati ya fedha na nyumba mpya, na wanaolipwa hupewa mafunzo ya kutunza fedha.

Siku ya uthamini huanza pia kuhesabiwa tarehe ya ukomo: kilichojengwa au kupandwa baada yake hakilipwi. Kanuni hiyo huzuia wajanja, lakini humfunga mikono mwenyeji. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu kuidhinishwa, ikichelewa iongezwe riba. Tathmini nyingi za EACOP zilifanyika kati ya 2018 na 2019, ilhali wawekezaji walitoa uamuzi wa mwisho Februari 2022. Katikati hapo familia nyingi ziliishi bila kujua zikarabati paa au zingoje. Kwa upande wa Uganda, Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu ucheleweshaji huo Julai 2023. Januari 2024 TotalEnergies ikamteua Lionel Zinsou, waziri mkuu wa zamani wa Benin, kutathmini utwaaji wa ardhi. Kati ya yote yaliyovunja imani ya wanavijiji, kungoja ndiko kulikouma zaidi.

Mradi pia umejifunga kufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambavyo kwa jamii za asili vinadai ridhaa iliyotolewa mapema, kwa hiari, baada ya kuelewa. Ndiyo maana Waakie, Wabarabaig, Wataturu na Wamaasai walikuwa na mazungumzo yao mbali na mikutano ya kawaida, yakiwamo ya maeneo ya matambiko.

Malalamiko hupokelewa bure kupitia maofisa wa jamii: mti uliosahauliwa, mpaka wa ndugu wawili, vumbi la malori, ukuta ulioingia ufa. Kila lalamiko huandikwa na kupewa namba, na mlango wa mahakama haufungwi.

Bomba likishafukiwa, kina chake karibu mita 2, juu yake haitaruhusiwa nyumba wala miti yenye mizizi mirefu, na mafundi wengi watakuwa wameshaondoka. Mwanakijiji aliyeguswa atunze nakala ya fomu ya uthamini, mkataba wa fidia na stakabadhi ya benki. Serikali ya kijiji itunze mihtasari ya mikutano. Lalamiko litakalotolewa miaka kumi ijayo litaamuliwa kwa karatasi hizo.