Toba Iliyoishia Mimbarini

Usiku ule Petro alipomkana Bwana wake, hakutambuliwa kwa sura peke yake. Alikuwa amejichanganya na watumishi katika ua wa kuhani mkuu, akiota moto kama wao, na huenda angepita salama lau angenyamaza. Mathayo atuambia kwamba kilichomfichua ni usemi wake. Mgalilaya hakuweza kuificha lafudhi yake mjini Yerusalemu, kama vile mtu wa Nyeri au wa Siaya asivyoweza kuificha yake mjini Nairobi, hata akijitahidi kusema Kiswahili sanifu namna gani.

Hulikumbuka jambo hili kila nipitapo Kibera au Kawangware. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, vijana waliziba njia katika mitaa hiyo, wakadai vitambulisho, wakasoma jina la ukoo kabla ya kuamua nani apite na nani asipite. Pasipokuwa na kitambulisho, sikio lilitosha. Soko la Toi, ambako maelfu ya watu wa Kibera walikuwa wakijipatia riziki kwa kuuza mitumba, liliteketea. Reli iendayo magharibi, ipitayo katikati ya vibanda vya Kibera, iling'olewa. Wenye nyumba wa kabila moja walitimuliwa, na vyumba vyao vikakaliwa na watu wasiolipa kodi; kwingineko wapangaji wa kabila jingine walitupiwa virago nje. Kwa nchi nzima, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa.

Sasa, ndugu msomaji, swali langu si la kisiasa. Nani aliiba kura na nani hakuiba ni mjadala ulio na wenyewe. Langu ni hili: wengi wa waliosimama pande zote mbili za vizuizi vile walikuwa watu waliobatizwa. Krismasi ilikuwa imepita siku tano tu. Wapo walioimba katika kwaya moja juma lile na juma lililofuata wakawa hawawezi kukaa katika ploti moja. Tumezoea kufikiri kwamba kuikana imani ni kuhamia dini nyingine, au kuacha kwenda kanisani na kushinda baani. Petro hakuhama dini. Aliulizwa tu kama ni mmoja wa kundi lile, akajibu kwamba simo. Katika mitaa yetu swali liligeuzwa: je, wewe ni mmoja wetu? Na wengi walijibu ndiyo kwa mikono yao, wakimkana jirani waliyeshiriki naye mkate na kikombe.

Kuna jambo ambalo haki inatudai tulitaje. Makanisa hayakujifanya hayana doa. Mwezi Februari 2008, kabla ya mkataba wa amani uliosimamiwa na Kofi Annan kutiwa saini tarehe 28, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilitoa taarifa ya kuungama. Viongozi wake walikiri kwamba hawakuwa wamesema kwa sauti moja, kwamba waliutazama uchaguzi kwa macho yaliyogawanyika, na kwamba kila mmoja alikuwa ameegemea watu wa kabila lake. Si wengi nchini waliothubutu kusema hayo hadharani. Mwanasiasa wa Kenya akikosa, hukosa kupitia kwa adui zake; hawa walitaja kosa kuwa ni lao.

Hata hivyo, walimu wa sarufi watanielewa nikisema kwamba ungamo lile lilitamkwa katika nafsi ya kwanza wingi. Sisi tulikosa. Sisi ni neno pana. Lina nafasi ya watu wote na halimtaji yeyote. Halikumgusa aliyebeba mabati ya jirani yake wa Laini Saba, wala aliyekuwa akilala katika chumba cha mwenzake kule Gatwekera huku mwenye chumba amejibanza kwa jamaa zake mtaa mwingine. Huyo alisikia kanisa limetubu, akaitika amina, akarudi chumbani mle mle. Toba ikaishia mimbarini.

Na tusidhani kwamba yalikuwa ya mwaka mmoja tu. Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26, vibanda na maduka yaliteketezwa Kawangware, katika sehemu iitwayo 56, na watu wakapoteza maisha. Machi 2023, wakati wa maandamano, kanisa liliteketezwa Kibera.

Suala la nini cha kufanya na Mkristo aliyeanguka si geni, wala halikuanzia Ulaya. Lilianzia, kwa sehemu kubwa, katika bara letu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila raia wa dola ya Kirumi aitolee sadaka miungu na apewe hati ya kuthibitisha. Katika Carthage, iliyo Tunisia ya leo, Wakristo walijipanga foleni. Wapo waliotoa sadaka kwa kuteswa, wapo waliotoa hata kabla ya kuguswa, na wapo waliowahonga maofisa wapewe hati bila kutoa sadaka yoyote. (Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa jinsi hati ya namna hiyo inavyopatikana.) Mateso yalipotulia, wote walitaka kurudi. Huko Roma, padri Novatian alishikilia kwamba aliyeikana imani asirudishwe kanisani kamwe. Wengine, Carthage kwenyewe, walitaka mlango ufunguliwe siku hiyo hiyo, mtu aje na kijikaratasi cha kuombewa msamaha na mmoja wa waliofungwa kwa ajili ya imani, akapewe meza ya Bwana.

Askofu Cyprian, ambaye naye alikuwa amejificha wakati wa msako na akalaumiwa kwa hilo, alizikataa njia zote mbili. Mtaguso ulioketi Carthage mwaka 251 uliamua kwamba kila kesi ipimwe peke yake: aliyenunua hati si sawa na aliyetoa sadaka, na aliyeteswa hadi akashindwa si sawa na aliyekimbilia madhabahu kwa miguu yake. Walioanguka sana walipewa toba ndefu, lakini hawakuambiwa kwamba mlango umefungwa. Miaka miwili hivi baadaye, mateso mengine yaliponukia, waliokuwa wakitubu walipokewa ili wakayakabili wakiwa ndani ya kundi. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Yule aliyejificha mara ya kwanza hakujificha mara ya pili.

Ninachokipenda katika uamuzi ule ni subira yake ya kupambanua. Kibera nako kulikuwa na tofauti. Mama aliyejibu kwa lugha isiyo yake ili watoto wake wapite kizuizini hakumkana mtu, aliokoa roho. Kijana aliyelazimishwa kuandamana, nyumba yake ikitishwa moto, ana la kueleza. Lakini mzee wa kanisa aliyemwonyesha kidole jirani yake, kisha akahamia nyumbani kwake, huyo hakuongozwa na hofu. Aliongozwa na tamaa. Kuwafunika wote watatu kwa sala moja ya Jumapili ni kumdhulumu wa kwanza na kumpumbaza wa tatu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali hadi Carthage. Kabete, ambayo si mbali na Kawangware, ilifikiwa mwaka 1937 na wahubiri wa Uamsho uliokuwa umeanzia Rwanda na Uganda. Wazee wetu wanawakumbuka wale walioitana ndugu. Mtu akiokoka miongoni mwao hakutosheka na machozi. Alilipa deni alilolikwepa, alimrudishia mwajiri jembe au shuka aliyoiba, alikwenda kwa jirani akataja kosa kwa jina lake. Miaka ya Mau Mau baadhi yao waliuawa kwa kukataa kiapo. Na mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai, watu walisombwa kwa malori hadi Gatundu kulishwa kiapo cha kikabila; walikuwapo Wakristo waliokataa wakapigwa, na walikuwapo waliokula kisha wakaja kuungama mbele ya wenzao. Sisemi ndugu hawa hawakuwa na kasoro. Walikuwa wakali kwa asiyesema kama wao, na baadhi walizoea kuungama hadi ungamo likawa kama salamu. Lakini kuhusu kurudisha kilichochukuliwa walikuwa na msimamo ambao wahubiri wetu wa vipaza sauti wamekwisha kuusahau. Zakayo alipotubu alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Hakusema "tulikosa".

Hebu tuchukue mfano, wa kubuni, ambao unaweza kuzungumzwa hata darasani katika somo la Elimu ya Dini ya Kikristo. Mama mmoja mshonaji alikuwa na cherehani yake katika soko la Toi. Soko likateketea, cherehani ikatoweka kabla ya moto kufika. Miezi kadhaa baadaye anakwenda kumjulia hali mwanakwaya mwenzake aliye mgonjwa, na chini ya kitambaa cha meza anauona mguu wa cherehani yake, pale alipoufunga waya kwa mkono wake mwenyewe. Anakunywa chai, anaomba pamoja na mgonjwa, anaondoka. Jumapili mwanakwaya yule amepona, anasimama kuimba. Wanafunzi wakiulizwa mama afanye nini, wengi watasema asamehe, ndivyo tulivyowafunza. Ni wachache watakaouliza cherehani iko wapi.

Nasi walimu hatuna pa kujificha. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa moto na wanafunzi. Katika shule nyingi dawa ilikuwa ni ile ile: kila mzazi alipe kiasi fulani, mwanafunzi aje na mzazi wake, aombe radhi, aingie darasani. Aliyechoma na aliyetoa maji kuzima walitozwa sawa. Tena mlipaji alikuwa ni baba aliyeuza mbuzi, si mtoto aliyewasha kiberiti. Kisha yule aliyekiri kwa hiari yake, akitarajia kupona, tulimwandika katika kitabu cheusi hadi siku ya kumaliza shule. Tulitoza faini bila kumrudisha mtu. Hapo tulikuwa Novatian na mpinzani wake kwa wakati mmoja.

Mwandishi wa Injili ya Yohana ana jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Anaposimulia Petro akimkana Bwana, anataja kwamba moto ule ulikuwa wa makaa. Baadaye, baada ya ufufuko, kando ya ziwa, Yesu anawaandalia wanafunzi samaki na mkate. Na hapo tena ni juu ya moto wa makaa. Yeyote aliyekulia Kibera ajua harufu ya makaa inavyoweza kumrudisha mtu mahali. Petro alirudishwa mahali pa kosa lake. Hakuulizwa kwa niaba ya mitume wote; aliulizwa yeye, kwa jina lake la zamani, Simoni wa Yohana, mara tatu, sawa na idadi ya alivyokana. Ya tatu ilimhuzunisha. Na kila alipojibu alipewa kazi: kondoo walikabidhiwa mikononi mwa mtu aliyekuwa amekimbia. Hakuna aliyemwambia akae benchi la nyuma miaka mitatu, na hakuna aliyemwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Turudi basi kwa cherehani yetu. Tuseme mwanakwaya amekwenda mwenyewe, mchana, akiwa ameibeba begani mbele ya macho ya ploti nzima, akaiweka mlangoni pa mwenyewe na kutaja alichokifanya. Je, arudi kwenye kwaya lini? Mchungaji atapenda iwe Jumapili ijayo, maana habari njema hukimbia na michango huongezeka. Mimi nasema aulizwe mama mshonaji. Yeye ndiye aliyekaa miezi bila kazi, akiwapelekea watoto uji usio na sukari. Akisema leo, iwe leo. Akisema bado, ni bado, na mchungaji angoje pamoja naye, hata ikiwa wimbo wa Jumapili hiyo utakosa sauti ya nne.