Siyo jini, siyo kiburi: kuwaambia watu kwamba una Tourette

Mimi ni mtoto wa Newala, shule nimemalizia Masasi. Tangu nina miaka 7 nakohoa bila kikohozi, napepesa macho na kurusha bega. Shuleni nilichapwa eti naleta fujo. Nyumbani wakasema nina jini. Jina la tatizo nimelijua ukubwani: Tourette.

Limetokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa 9 mwaka 1885. Ni hitilafu kwenye ubongo. Huanza utotoni, na wavulana hupata zaidi kuliko wasichana. Haiambukizi wala haipunguzi akili. Daktari huangalia kama kuna mishtuko ya mwili ya namna zaidi ya moja, angalau sauti moja, na kama hali imezidi mwaka. Wanaoropoka matusi ni wachache tu.

"Si ujizuie?" Jamani, jaribu kuzuia chafya! Utaweza kidogo, halafu itatoka kwa nguvu. Ndiyo maana mtoto anaweza kujibana darasani, akifika nyumbani yote yakamtoka, mama akadhani anafanya kusudi.

Kilichonisaidia ni kuwahi kusema. Nikipanda basi la Masasi namwambia jirani wa siti: "Shikamoo mzee. Samahani, mwili wangu hushtuka wenyewe na koo hutoa sauti. Siumwi kifua, usiwe na wasiwasi." Basi. Mara nyingi atasema "pole mwanangu", tunahamia kwenye bei ya korosho mpaka tunafika. Nisiposema, anafunika pua na kunipa mgongo safari nzima.

Kwa mwalimu, mzazi aende mwenyewe, tena mapema. Aombe mambo mawili: mtoto asichapwe kwa mishtuko, na akizidiwa aruhusiwe kutoka nje kidogo. Fimbo haitibu, maana hofu ndiyo inazidisha.

Wapenda soka mnamkumbuka Tim Howard? Kadaka Manchester United na Everton, na hali yake hakuificha.

Wengi hupata nafuu wakikua. Yapo mazoezi maalumu na dawa za kupunguza, ila dawa aandike daktari. Anzia hospitali iliyo karibu, ikibidi omba rufaa Muhimbili.

Kama una mtoto wa hivi, usimfiche ndani. Mwambie jirani leo, kabla jirani hajajitungia yake.