Collins Obuya: Mkono ulipogoma, akashika gongo

Litaje jina Obuya pale Rongo au Awendo, hakuna atakayekuuliza limetoka wapi. Ni jina la nyumbani. Lakini taja kriketi uone watakavyokukodolea macho! Migori ni kandanda tu. Hata hivyo, nivumilie kidogo kijana, maana huyu jamaa anakuhusu hata kama hujawahi kushika gongo.

Collins Obuya alizaliwa Nairobi mwaka 1981. Kaka zake, Kennedy Otieno na David, pia waliichezea Kenya. Kazi yake yeye ilikuwa kurusha mpira wa polepole unaojipinda ukigusa ardhi. Mpigaji anadhani unakuja huku, kumbe umeshapita kule. Ni kazi ya vidole na kiganja, na ni ngumu ajabu.

Februari 24, 2003, Kombe la Dunia lilipofika Nairobi, Sri Lanka walikuja uwanja wa Gymkhana. Hao walikuwa mabingwa wa dunia wa 1996. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 210, ambayo kusema kweli si mingi. Obuya akawatoa wapigaji watano na kuruhusu mikimbio 24 pekee. Sri Lanka wakaishia 157. Mwezi uliofuata, Kenya ikacheza nusu fainali dhidi ya India.

Jina likavuma. Klabu ya Warwickshire ikamwita Uingereza, kwenye kriketi ya kaunti (za huko, si hizi zetu zenye magavana). Wengi wangesema kijana ameomoka. Wapi! Wiketi hazikuja, kisha goti likamsumbua. Na mrushaji wa aina yake akishapoteza imani na kiganja chake, mpira unaanguka pabaya na wapigaji wanasherehekea.

Sasa jiulize: kile kitu kimoja kilichokupa jina kikikukimbia, na una miaka ishirini na kitu tu, utafanya nini?

Obuya aligeuka mpigaji. Si kwa siku moja, ilichukua miaka. Machi 13, 2011, mjini Bangalore nchini India, Kombe la Dunia tena, alisimama mbele ya Australia, akina Brett Lee wakirusha kwa kasi ya kutisha. Alipiga, akapiga, akafika 98. Hakutolewa, ila ova 50 zilikwisha. Mikimbio miwili tu ndiyo iliyomnyima mia moja, na mia hiyo hakuipata kamwe katika mechi za kimataifa za siku moja. Kenya ilishindwa kwa mikimbio 60, lakini mimi siku hiyo naihesabu juu ya ile ya Gymkhana.

Mwaka huohuo akawa nahodha. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi hizo za siku moja, na wengi wa kizazi chake wakaondoka. Yeye alibaki uwanjani hadi Machi 2024, akiwa na miaka 42.