Mto Loire: Vijiji vilivyoachwa na garimoshi vyapata wageni wa baiskeli

MSAFIRI anayepanda garimoshi la kasi kutoka Paris hadi Nantes, magharibi mwa Ufaransa, humaliza safari yake kwa muda wa saa mbili hivi, na Mto Loire huuona kupitia dirishani tu. Anayeufuata mto uo huo kwa baiskeli tangu Cuffy, kijiji kilicho karibu na mji wa Nevers, huhitaji majuma mawili au matatu kabla ya kuiona Bahari ya Atlantiki huko Saint-Brevin-les-Pins. Kwa vijiji vilivyo kandokando ya mto huo, tofauti baina ya wasafiri hawa wawili ni kubwa. Wa kwanza hupita na kwenda zake. Wa pili hana budi kula, kunywa na kulala njiani.

Njia anayoifuata huyo wa pili inaitwa La Loire à Vélo na ina urefu wa kilomita 900 hivi. Mikoa miwili ya Centre-Val de Loire na Pays de la Loire ilianza kuipanga katika miaka ya 1990, ikaitengeneza kipande kwa kipande. Kwingine ni kijia kisichoruhusiwa magari, kwingine ni barabara ndogo ya mashambani ambamo trekta ndiyo bwana. Sehemu yake kubwa ni kipande cha njia ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayotoka Atlantiki ikapasua Ulaya hadi Bahari Nyeusi nchini Romania.

Huenda msomaji wa Kenya akastaajabu kidogo. Kwa wengi humu nchini baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba maziwa, mkaa, mitungi ya maji na, kabla ya pikipiki kutwaa nafasi yake, abiria wa bodaboda kule Busia na Kisumu. Na Ufaransa inapotajwa pamoja na baiskeli, fikira hukimbilia mashindano ya Tour de France, ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyashinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Utalii wa baiskeli una asili yake mbali na mashindano hayo, na wakati mwingine ulikuwa mpinzani wayo. Paul de Vivie, aliyeishi kati ya 1853 na 1930 na kujulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha jarida lake la baiskeli mjini Saint-Étienne mwaka wa 1887. Humo alihimiza safari ndefu za kujiburudisha na kuzitetea gia, zinazomwezesha mtu wa kawaida kupanda mlima bila kukatika pumzi. Waandalizi wa Tour de France hawakuziruhusu gia za kuhamisha mnyororo hadi 1937, kana kwamba kupunguza taabu ni aibu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya Léon Blum ilikuwa imepitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wote likizo ya majuma mawili yenye malipo. Watu wa viwandani ambao hawakuwahi kutoka mijini mwao walijipakia katika garimoshi kwa nauli nafuu, na wengine, wasio na gari wala tamaa ya gari, wakatoka kwa baiskeli. Picha za mume na mke wakikanyaga baiskeli moja ya viti viwili zingali zinatumika nchini humo kama alama ya kiangazi hicho cha 1936.

Loire ulikuwa na sifa moja iliyoufaa msafiri wa namna hii: bonde lake ni tambarare. Kutoka Nevers hadi baharini mto hushuka takribani mita 170 tu. Fauka ya hayo, kwa masafa marefu njia hupita juu ya matuta makubwa ya udongo na mawe yaliyojengwa kuyazuia maji, hivi kwamba mwendeshaji huwa na mto upande mmoja na mapaa ya nyumba upande wa pili, nyakati nyingine yakiwa chini ya magurudumu yake. Ujenzi wa matuta hayo ulianza katika Enzi za Kati, na kila kizazi kilichofuata kiliyainua zaidi. Mto haukukubali kirahisi. Mafuriko ya 1846, 1856 na 1866 yaliyapasua mahali pengi na kuyagharikisha mashamba, na juu ya kuta kadhaa za vijijini zingaliko alama zinazoonyesha maji yalifika wapi mwaka gani. Anayezisoma huelewa mara moja kwa nini nyumba kongwe zimejengwa mahali palipoinuka.

Kabla ya garimoshi, Loire ndio uliokuwa barabara kuu. Mashua za chini bapa zilishuka na divai, vyungu, mawe na makaa ya mawe. Kupanda, zilitweka tanga kubwa la mraba na kuusubiri upepo wa magharibi utokao baharini. (Upepo huo huo ndio unaompiga usoni mwendeshaji baiskeli anayeteremka kuelekea Atlantiki, wajuzi huanzia Saint-Brevin na kuufanya uwasukume.) Mashua nyingine, zilizoundwa kwa mbao duni za misonobari huko juu mtoni, hazikurudi kamwe: zilipofika mwisho wa safari zilivunjwa na mbao zake kuuzwa. Kisha reli ikafika Orléans mwaka wa 1843, Tours mwaka wa 1846 na Nantes mwaka wa 1851. Katika kipindi kisichozidi umri wa mtu mmoja, uchukuzi wa mtoni ulikufa. Vijiji vikabaki na gati za mawe zenye mitelemko na pete za chuma za kufungia kamba, zisizofungiwa chochote.

Gati hizo ndizo sasa hutoa mahali pa kuegesha baiskeli na kufungua kifurushi cha mkate na jibini.

Njiani kuna mengi ya kumchelewesha mtu. Huko Briare mfereji mzima wa maji hupita juu ya mto kwa daraja la chuma lenye urefu wa mita 662, lililofunguliwa mwaka wa 1896. Kampuni ya Gustave Eiffel ilijenga nguzo zake za mawe. Mashua huelea juu ya mashua, na mwendeshaji hupita ubavuni mwazo. Mbele kidogo, kaskazini mwa mto, umetanda Msitu wa Orléans, ambao ndio msitu mkubwa zaidi wa serikali katika Ufaransa bara. Kusini mwa mto kuna nchi ya Sologne, yenye mialoni, misonobari na mabwawa mengi ya samaki, ambako ukimya wa asubuhi hukatizwa na mlio wa kulungu.

Katika misitu hiyo ndimo Mfalme François wa Kwanza alimoanza kujenga Chambord mwaka wa 1519. Kasri hilo lina vyumba zaidi ya 400 na ngazi mbili zinazozungukana bila kukutana. Wapo wanaohisi humo mkono wa Leonardo da Vinci, aliyehamia Amboise mwaka wa 1516 kwa mwaliko wa mfalme huyo na kufariki huko mwaka wa 1519, ingawa hakuna hati inayothibitisha. Mwenyewe François alilala Chambord majuma machache tu katika utawala wake wa miaka 32. Ukuta wa kilomita 32 unaizunguka mbuga yake ya uwindaji, yenye ukubwa wa takribani nusu ya ule wa jiji la Paris, na ni mtu wa baiskeli anayeuhisi ukubwa huo miguuni, maana baada ya kupita langoni hukanyaga muda mrefu miongoni mwa miti kabla ya kuiona minara.

Hata hivyo, vijiji vinasimulia zaidi kuliko makasri. Kuanzia Tours hadi Saumur kila kitu kimejengwa kwa jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau. Jiwe hilo lilichimbwa kwenye magenge ya kando ya mto, na kila kanisa lililoinuka liliacha pango nyuma yake. Mapango hayo hayakupotea bure: yaligeuzwa nyumba, maghala ya divai na mashamba ya uyoga. Huko Souzay-Champigny njia ya baiskeli huingia ndani ya mwamba wenyewe, ikapita mbele ya milango na madirisha ya watu walioishi humo. Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapomwagikia Loire, ni kijiji cha nyumba chache na kanisa kubwa kupita kiasi, kwa sababu Mtakatifu Martin wa Tours alifariki hapo mwaka wa 397.

Kijiji kama hicho hakingeweza kuishi kwa mabasi ya watalii. Basi hushusha watu penye kasri mashuhuri, likawapakia baada ya saa mbili na kuwarudisha mjini. Mtu wa baiskeli huenda kilomita 40 au 60 kwa siku, na jioni inapomkuta ndipo anapolala, hata kama mahali hapo hapana kasri. Ndiyo maana kukabuniwa nembo ya Accueil Vélo, ambayo hupewa nyumba za wageni, mikahawa, karakana na maeneo ya kambi yaliyo kati ya njia na umbali wa kilomita tano kutoka kwayo. Mwenye nyumba anayeitaka ni lazima awe na mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuzitengenezea, pamoja na kiamshakinywa cha kumtosha mtu atakayekanyaga kutwa nzima. Wengine hujitafutia riziki kwa kubeba mizigo ya wasafiri kwa gari kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine. Ni mapato madogo madogo, lakini hubaki kijijini.

Mandhari yanayouzwa kwa namna hii yangeweza kuwa tofauti. Baada ya mafuriko ya Septemba 1980 kuwaua watu wanane huko Brives-Charensac, karibu na chimbuko la mto, mabwawa mapya yalipangwa, mojawapo mahali paitwapo Serre de la Fare. Hatari ilikuwa ya kweli na hoja ya wahandisi haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka wa 1989 wapinzani walilikalia eneo hilo, wakakaa kwa miaka mitano hivi, hadi serikali ilipoufutilia mbali mradi huo mwaka wa 1994. Badala ya bwawa, kitanda cha mto kilipanuliwa huko Brives-Charensac na majengo yaliyokuwa hatarini yakahamishwa. Mwaka wa 2000 shirika la UNESCO liliingiza bonde la Loire, kutoka Sully hadi Chalonnes, katika orodha ya urithi wa dunia.

Hii haina maana kwamba mto umeachwa huru kabisa. Vituo vinne vya umeme wa nyuklia hunywa maji yake, na minara yao mipana inayotoa mvuke huonekana na mwendeshaji kutoka mbali, ikishindana na ya makasri. Bwawa la Villerest, lililokamilika mwaka wa 1984, huyaachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Katika ukame wa 2022 mto ulipungua vibaya, fungo za mchanga zikatanda mahali palipozoea kupita maji. Ndege weupe wa jamii ya shakwe hutaga juu ya fungo hizo, lakini huhitaji maji yazizunguke. Yakikauka, mbweha huwafikia kwa miguu.

Nantes, msafiri hukutana na upande mwingine wa biashara ya mashua. Mji huu ulikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa, na sukari iliyolimwa na watumwa hao katika visiwa vya Karibi ilipandishwa na tanga hadi viwanda vya kuisafisha vya Orléans. Meli za Nantes ziliendea hasa Afrika Magharibi. Lakini Pwani yetu nayo iliguswa na Wafaransa, pale Jean-Vincent Morice alipotia saini mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka wa 1776 wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Tangu 2012 kuna mnara wa kumbukumbu kwenye gati ya Nantes. Vibao vya kioo vimepachikwa ardhini, zaidi ya 1,700 kati yavyo vikiwa na majina ya meli na tarehe za safari zao, na anayepita hulazimika kushuka baiskeli ili avisome.

Kutoka hapo mto hupanuka, maji yakaanza kuwa na chumvi, na njia hufuata ukingo wa kusini hadi Saint-Brevin-les-Pins. Ufuoni huko limesimamishwa joka la alumini la msanii Huang Yong Ping, mifupa mitupu ya urefu wa karibu mita 130. Maji yakijaa hulifunika kwa kiasi kikubwa. Yakipwa, mtu aweza kuiacha baiskeli yake juu mchangani na kutembea kati ya mbavu zake.