Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Nyarugusu, katika wilaya ya Geita, ni mji wa wageni. Watu wameufikia kutoka pande nyingi kwa kutafuta dhahabu, wakaoa na kuzaa humo, hata leo si rahisi kumtenga mgeni na mwenyeji. Na dhahabu yenyewe haionekani upesi katika jiwe. Sharti jiwe lisagwe na unga wake uoshwe, ndipo punje chache zipatikane. Mwili wa mwanadamu nao u hali hiyo hiyo: una wageni ndani yake, wachache mno, wasioonekana ila kwa kutafutwa.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo zenye uhai. Yaweza kudhaniwa ya kuwa kondo la uzazi ni ukuta usiopitika baina ya mama na mtoto. Sivyo. Seli chache za mtoto hupenya zikaingia kwa mama, na za mama zikaingia kwa mtoto.

Wafugaji watapenda kujua ya kwamba ng'ombe walitangulia kutufunza jambo la namna hii. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani, Ray Owen, alieleza kuwa ndama mapacha, hata wasiofanana, huweza kubeba kila mmoja chembe za damu za mwenziwe. Na mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walitangaza kuwa wamekuta seli za mtoto wa kiume katika damu ya mama aliyejifungua miaka 27 nyuma. Tena seli hizo huweza kubaki hata kama mimba iliharibika. Basi mama aliyepotelewa na mimba asiambiwe ya kwamba hapakuwa na kitu.

Je, wageni hawa wana kazi gani? Wamekutwa katika makovu ya akina mama waliozaa kwa kupasuliwa, na hivyo hudhaniwa kuwa husaidia kuponya. Lakini pia wamehusishwa na maradhi ambayo kinga ya mwili huupiga vita mwili wenyewe. Si kila mgeni, basi, humponya mwenyeji.

Habari iliyo karibu nasi zaidi yatoka Muheza, mkoani Tanga. Baina ya 2002 na 2005 akina mama waliojifungua huko waliingizwa katika uchunguzi wa malaria, wao na watoto wao. Baadaye, mwaka 2017, wataalamu walitoa matokeo ya kupima damu ya vitovu. Ilionekana kuwa malaria inapolivimbisha kondo, seli za mama huzidi kwa mtoto. Na watoto waliozaliwa na seli hizo walipata vimelea vya malaria mara nyingi zaidi, lakini waliugua kwa uchache.

Asije mtu akasema, "Kumbe malaria ya mimba ina heri!" La, hasha. Malaria hiyo humpunguzia mama damu, humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, na huua. Katika nchi za Ziwa, Nyarugusu ikiwamo, mbu ni wengi. Yampasa mume, hata kama siku zake hupita machimboni, ahakikishe kuwa mkewe ameanza kliniki mapema, amemeza vidonge vya kinga anavyopewa huko, na analala ndani ya chandarua chenye dawa.

Maziwa ya mama nayo yana seli hai. Sheria yetu, katika Sura ya An-Nisaa, imemhesabu mwanamke aliyemnyonyesha mtoto kuwa ni mama yake. Hatusemi kuwa hukumu hiyo yangoja ushahidi wa darubini. Twasema tu kwamba undugu una mizizi mirefu kuliko tulivyodhani.

Basi enyi vijana, mnapomsalimu mama, kumbukeni ya kuwa huenda angali amebeba sehemu yenu, nanyi mmebeba sehemu yake. Mwenyezi Mungu awalinde mama zetu, na atujaalie kuwatendea wema. Amin.